Majina Niliyoyafuta Ubaoni

Mjukuu wangu Wanjiru,

Hili sijamwambia mtu. Sisi hapa Makongeni tu wazima. Unauliza kama uache kazi kwa kuwa walimu wenzako hawasemezani.

Nilipoanza kufundisha, nikiwa binti mwenye haya, babu yako ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, hatukuwa tumeoana bado. Aliandika majina ya waliochelewa kwenye ubao wa chumba cha walimu, tukaanza kushukiana, tukaacha hata kunywa chai pamoja. Asubuhi moja niliyafuta, nikaandika: “Jana Mwalimu Otieno alifundisha madarasa mawili peke yake.” Kesho yake wengine wakaongeza sifa za wenzao.

“Nani kafuta?” babu yako akafoka.

“Ni sisi sote, mwalimu,” Otieno akajibu.

Najivunia mpaka leo. Babu yako bado huniuliza ni nani aliyefuta. Nasikia hatua zake mlangoni, naificha karatasi hii.

Nyanya yako