Kumbo la Ubavuni

Barabara ya Cutler 318,
Tilden Forks, Ohio.
20 Oktoba 2019

Mpendwa Dada Marjean,

Za siku nyingi, na za huko Alaska kwenye baridi? Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limeacha kukusumbua kwenye ngazi za hospitali. Shemeji Orrin naye hajambo? Amejaza friza samaki kama alivyotamba? Sisi kwa upande wa afya tuko salama. Mahindi yameshavunwa na Mama anakula vizuri, ila anaulizia simu yako kila Jumapili.

Simu zako nimeziona. Sikupokea kwa sababu humu ndani siku hizi hakuna pa kusemea neno bila kusikika. Bora niandike.

Najua umeshasikia kwamba Garrett wangu alimuumiza mtoto wa watu uwanjani. Ni kweli. Tulicheza na timu ya Weller, mwenzake Garrett akawa anakimbia na mpira kwapani, na kijana mmoja wa Weller anamfukuza, macho yote kwenye mpira. Garrett, ili amfungulie mwenzake njia, akatokea ubavuni, upande ambao yule kijana haangalii, akampiga kumbo la bega. Miguu ya yule mtoto iliacha ardhi. Watu wetu walisimama wakashangilia, na mimi nilisimama nao, mpaka tulipoona haamki.

Enzi zako lile lilikuwa pigo la kusifiwa. Siku hizi limekatazwa. Sheria inasema mtu asiyekuona umzuie kwa mikono iliyo wazi, au umsimamie tu njiani, usimvamie kwa bega. Refa alirusha kitambaa cha njano cha kosa, tukanyang'anywa bao, na tukafungwa. Asubuhi yake pale kwenye mgahawa mzee Buell aliniambia mbele ya watu, "Wilda, mwambie mumeo kocha mwakani awashonee vijana wake magauni, wacheze kwa adabu."

Sasa sikiliza. Yule mtoto anaitwa Micah, na mama yake ni Nadine Pruitt, yule ninayefanya naye kazi chumba cha kufulia kwenye nyumba ya wazee. Shuka moja tunalikunja wawili, yeye ncha ile na mimi ncha hii. Micah ubongo ulitikisika. Mwanga unamuumiza macho, na anasahau alichoulizwa kabla hajajibu. Nadine hakunitukana. Aliendelea kukunja shuka, kila tukikutanisha ncha ananiangalia. Siku moja akauliza, "Wilda, mwanao alimwona mwanangu kwamba haangalii?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua, dada. Garrett alikuwa ameshaniambia tukiwa wawili kwenye gari. "Mama, nilimwona haoni. Ndiyo maana nikamchagua." Na mimi nilijua amejifunzia wapi. Mume wangu Dwight huwafundisha vijana wa timu yake hata mezani kwangu, chupa ya chumvi ikiwa mkimbiaji na ya pilipili ikiwa mfukuzaji. "Mtafute anayetazama mpira," huwaambia. "Huyo ndiye wako."

Wiki iliyopita makocha na wazazi wa ligi waliitwa kwenye ukumbi wa shule kuamua kama kijana akifanya kosa hilo afungiwe mechi mbili, na kocha wake aonywe. Dwight alizunguka jikoni kutwa nzima akijipanga. "Watasema Garrett alimvizia," akaniambia. "Wewe ni mama, wakikuuliza useme yule mtoto alikuwa anamwona, akageuza kichwa dakika ya mwisho. Watu wa chuo wanaochagua wachezaji wanakuja kumwangalia mwezi ujao, Wilda. Unataka wamkute benchi?"

Ukumbini alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mchezo huu unakwenda mbio, na ukimfundisha kijana kusita katikati ya mbio ataumia yeye. Wengi walitikisa vichwa kumkubali, na mimi nusu yangu ilimkubali. Kisha baba yake Micah, mtu asiyesema sana, akasimama. "Kocha, kumzuia mtu na kumvizia ni vitu viwili. Mimi nauliza tu kipi kilimpata mwanangu."

Dwight akajibu, "Mwanao aligeuza kichwa, bwana. Muulize mke wangu, alikuwa kwenye mstari wa mbele."

Basi wote wakanigeukia. Nadine kule, Dwight huku, na Garrett amekaa nyuma karibu na mlango, kofia imemfunika macho. Dada, nilitafuta neno ambalo lingenipitisha katikati yao, sikulipata. Nikasema, "Hakugeuza. Garrett aliona kwamba hamwoni, na alifanya alivyofundishwa nyumbani kwangu."

Sheria ilipita. Garrett amefungiwa mechi mbili na Dwight ameonywa. Ungedhani baada ya kusema kweli ningepumua.

Kesho yake Nadine alikunja shuka lake peke yake. Aliniuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unajua?" Ameomba abadilishiwe zamu. Dwight hanigombezi, afadhali angenigombeza. Anakula gereji, na akitaka kitu anamtuma Garrett akichukue. Na Garrett, tuliporudi siku ile, alisimama mlangoni akaniambia taratibu, "Nilikuambia wewe, Mama. Sikuwaambia wao." Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Alinifungulia siri yake, na mimi nikapita mle mle kumfichua.

Umeniita nije kwenu Krismasi. Siwezi, dada. Nikiondoka nitaonekana nimekimbia, na wale wawili watabaki kama wapangaji. Nikikaa, ndiyo hivi unavyosoma. Hata dukani nachagua saa ambayo hakuna watu.

Jumapili iliyopita Garrett alichukua gari bila kuaga. Baadaye nikasikia alikwenda Weller, akakaa na Micah kwenye chumba chenye mapazia yaliyofungwa. Walizungumza nini sijui, wala sitauliza.

Leo baada ya chakula cha mchana nilikuwa naosha vyombo, nimeupa mlango mgongo, maji yanamwagika, sisikii kitu. Garrett akaja na sahani za gereji. Kabla hajanifikia akasimama. "Mama, niko nyuma yako," akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nikasogea kidogo, akaziweka, akatoka.

Msalimie sana shemeji Orrin, na mbusu mpwa wangu Tess kwa niaba yangu. Mama na shangazi Verlene wanawasalimu wote. Mungu akulinde kwenye barabara hizo za barafu, na atuangalie na sisi huku.

Mdogo wako akupendaye daima,
Wilda