Papa, Nimekwenda Kuomba Moto

Mpendwa Papa,

Leo asubuhi nimevuka uzio wa miti ya miyenzi, nikaenda kuomba moto nyumbani kwa Baba Mkubwa. Nataka ulisikie hili kwangu mimi, kabla Kaka hajanishitaki kwako kwenye maombi yake.

Unakumbuka, hapa Nyakarenzo mtoto wa kutumwa moto nilikuwa mimi. Jioni nashika kigae changu, naingia kwa ndugu yako, mke wake ananiwekea makaa mawili na kiazi juu. Halafu mkagombania uzio. Wewe unasema umesogezwa, yeye anasema umeota wenyewe, yote kwa ajili ya mistari miwili ya maharage. Ukatangaza, "Kuanzia leo moto wa kule hauingii kwangu." Na wa kwetu haukutoka tena.

Si wewe huyohuyo uliyetusomea habari za Isaka kabla ya kulala? Anachimba kisima, wanakigombania, anawaachia. Anachimba kingine, wanagombania tena, anaacha tena, mpaka anapata mahali ambapo hakuna wa kumfuata kwa ugomvi. Ulikuwa unafunga Biblia ukicheka, "Muntu wa Mungu hakosi maji!" Isaka aliacha visima, Papa. Wewe ulishindwa kuacha maharage.

Vita vikaja, tukakimbilia Kongo. Kule kambini hema yetu ya plastiki na ya Baba Mkubwa ziligusana. Siku ile ya mvua kuni zetu zote zililowa, na moshi wao ukawa unaingia kwetu pamoja na harufu ya chakula. Maman akakuambia, "Batoto balale na njaa sababu ya majani yaliyobaki Rwanda?" Ukageukia upande mwingine. Tukatafuna unga mkavu. Nyuma ya plastiki nilimsikia Baba Mkubwa akikohoa, kikohozi chako kabisa.

Mmezikwa kulekule wote wawili, kwenye udongo wa watu, na hakuna aliyepanda uzio kati yenu.

Mimi nimerudi na mtoto mgongoni. Nimechoka, Papa, hata kusuka nywele sina nguvu. Kaka yeye amerudi na kesi yako. Anataka tung'oe miyenzi tuipande pale uliposema wewe, na upande ule amebaki Maman Mukubwa peke yake, mjane. Nikamwambia jembe hilo silishiki.

"Wewe mwanamke, heshima ya Papa unaijua?"

"Naijua. Niliitafuna ikiwa unga."

Ndipo nikaokota kigae. Maman Mukubwa alikuwa anapepeta maharage, hakuinua hata kichwa.

"Unatafuta moto ama maneno?"

"Moto, Maman."

"Ingia basi. Nilizania Papa yenu alikwenda na miguu yenu."

Tukacheka mpaka mtoto akaamka analia. Akaniwekea makaa mawili. Na kiazi.

Sasa hivi uji unachemka. Kesho Kaka akija na jembe atanikuta nimekaa palepale kwenye uzio, nanyonyesha. Achimbe kunizunguka kama anaweza.

Kukupenda, nakupenda. Mwanangu nitamfundisha jina lako, na kucheka kwako ukifunga Biblia. Ugomvi wako simpi. Kama umekasirika huko uliko, kasirika, Papa. Moto umeshaingia ndani.

Pumzika sasa.

Binti yako,
yule wa kutumwa moto