Prosesa Uliyonipa Ilikuwa Nzima

Mzee Hamisi,

Mi ni Furaha, yule binti wa Uvira uliyemfundisha kazi ya kompyuta. Leo ni Alhamisi, umeme umekatika tangu asubuhi, mashine zote za atelie yangu, karakana yangu ndogo, zimezima na nimekosa pa kujificha. Umeme ukiwepo huwa najifanya nina kazi nyingi. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kabla haujarudi.

Nianze na lenyewe, maana ungenisikia nazunguka ungesema, "Sema basi, binti, fungua boksi." Prosesa uliyonipa haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu, na nilijua ni langu siku tatu tu baada ya kukutukana mbele ya watu. We ukaishi miezi mitano mingine, na mi sikufungua mdomo. Haya, nimesema. Naandika kama vile umesimama hapa unasoma.

Unakumbuka ilivyoanza. Yule bwana wa Kiriri, kule mlimani kwa matajiri, anayechora mapulani ya nyumba alikuwa na mashine yenye prosesa ya kizazi cha saba, mioyo minne, yaani sehemu nne za kufikiria kwa pamoja. Sistemu mpya ilikuwa inaikataa, na michoro yake mikubwa ilikuwa inakwama kila saa. Alitaka ya kizazi cha nane. Na we ulivyokipenda kizazi kile! Ulikuwa unatuambia miaka yote wanaozitengeneza walituongezea kasi kidogo kidogo tu, mioyo ikabaki ile ile minne, mpaka ilipofika ya nane wakatupa sita. "Sasa wametukumbuka," ulisema siku ya kwanza ulipoipata, umeishika kwenye kingo kwa vidole viwili kama yai, ukakataa mtu mwingine asiiguse mpaka jioni.

Na ulinionya. Nasikia sauti yako kabisa. "Lakini hii ni mujanja, binti. Iko na sura moja na ya saba, inaingia fasi ile ile, haikatae. Ila inataka kartimeri ya mia tatu. Ukiiweka ku ya mia mbili, feni itazunguka, ekra itabaki nyeusi, utafikiri imekufa. Apana kusema imekufa kama haujasoma kartimeri." Kartimeri, ile sahani kubwa inayobeba kila kitu ndani ya boksi, namba yake imeandikwa wazi. Kuisoma hakuchukui hata dakika moja.

Nilipokupigia simu nikitaka prosesa uliniuliza swali moja tu: kartimeri yake ni ya ngapi? Nikajibu haraka, ya mia tatu. Mzee, nilikuwa hata sijafungua lile boksi! Yule bwana aliniambia mashine yake ni ya juzi juzi, nami nikachukua hilo likawa jibu. Nilikuwa nimefungua atelie Mutanga Nord wiki chache tu, kibao bado kinanuka rangi, na swali lako liliniudhi. Niliona unaniuliza kama mwanafunzi. Nilitaka uache kuniuliza.

Nikapanda Kiriri na mfuko wangu. Bwana alisimama nyuma yangu na simu sikioni, viatu vyake karibu na goti langu. Prosesa iliingia vizuri, kishikio kikafunga bila kulazimisha. Nikawasha. Feni ikazunguka, ekra, kile kioo cha mashine, nyeusi. Nikazima, nikawasha tena. Nikatoa memori nikairudisha, nikapuliza, nikaomba kimoyomoyo. Akauliza, "Alors?", yaani vipi basi? Nami nikasema, "Wameniuzia kitu kilichokufa." Yalitoka yenyewe, na yalipotoka nikaona yananifaa.

Ilikuwa Ijumaa. Nilifika Buyenzi, mtaani kwako, watu ndio wanatoka msikitini. Ulikuwa mezani pako, pembeni ya Mzee Juma fundi cherehani, na mafundi wa magari wamekuzunguka wanapiga soga kama kawaida yao. Sikukuita pembeni. Sikukusalimia. Niliitupa prosesa juu ya meza, mi niliyefundishwa na we kwamba haitupwi, nikapaza sauti: uzee umekula macho yako, Mzee, unauzia watu maiti!

Ulichukua lenzi yako ukaigeuza, ukaangalia zile nukta za dhahabu moja moja. Ukasema polepole, "Binti, hii ni nzima. Niletee mashine tuangalie pamoja." Na mi, Mungu anisamehe, nikajibu mashine za watu wa Kiriri haziji Buyenzi. Nimeishi Buyenzi miaka sita. Nimekula kwako Ramadhani zote sita, mi Mkristo, mkeo akiniwekea sahani kabla ya watoto wake. Uliirudisha prosesa kwenye sponji yake, ukasema, "Sawa, binti." Nikaondoka nikiona nimeshinda.

Jumatatu lile boksi nimelichukua kutoka Kiriri, liko atelie kwangu. Nafuta vumbi tu, nikasogeza taa, nikaiona namba kwa rangi nyeupe chini ya feni: mia mbili na hamsini, yaani ni ile ile ya mia mbili, si ya mia tatu. Nilikaa chini sakafuni. Kliyenti mmoja, mteja wangu, akaingia akauliza kama naumwa, nikasema tumbo.

Unajua nilifanya nini? Nilienda mjini kati nikatafuta kartimeri ya mia tatu, na prosesa nyingine ya kizazi kile kile kwa muuzaji mwingine, nikaviweka, mashine ikawaka. Yule bwana alinisifu mpaka kwa majirani zake. Kutoka kwangu hadi Buyenzi nauli si kitu, Mzee. Simu yako ninayo kichwani. Sikupiga.

Maneno niliyoyatupa pale mezani yakaanza kutembea. Mzee Hamisi haoni tena. Mzee Hamisi anauza mikebe. Mtu mmoja kutoka Kinanira aliniletea mashine akasema bora kwako, yule mzee wa Buyenzi macho yamekwisha. Nikamwambia karibu, ukae. Nikamletea kiti!

Tulionana mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya sukari. Uliniuliza habari ya kazi, ukaniuliza mama yangu Uvira anaendeleaje na miguu yake, halafu ukanisukuma mbele yako, ukasema, "We uko na watu wanakungojea, mi siko na haraka." Hukuwa na haraka kwa sababu wateja hawakuwepo. Nilijua. Badala ya kukiri nikasema leo foleni ni ndefu. Ukacheka, ukasema ndiyo, ni ndefu kabisa.

Presha ikakuchukua nikiwa kazini. Nilikuja matangani nikakaa kwenye mkeka na wanawake, nikalia kuliko hata Mwajuma, binti yako. Wakasema mwacheni alie, huyu alikuwa mtoto wake. Mama mmoja akanishika kichwa akakiweka mapajani pake. Nikakiacha pale. Sijawahi kufanya kitu cha aibu kama kile, kukubali kupewa pole ya mtu niliyemuumiza.

Sasa meza yako inashikwa na Mwajuma. Ana mkono mzuri, kuliko wangu nikiwa wa umri wake. Lakini wiki iliyopita nilienda kununua pati, ile dawa ya kupaka juu ya prosesa isichemke, nikamwona mwanaume mmoja anageuza geuza vitu vyake, akauliza, "Hizi si za yule mzee?" Akaviweka chini akaondoka. Mwajuma alivipanga upya. Alinitazama akatabasamu, akaniita dada. Hajui. Pale ndipo nilipoona kwamba hata kufa kwako hakujamaliza niliyoyafanya. Yamehamia kwa mtoto.

Nikamfuata mkeo ndani, nikamweleza yote, kuanzia simu mpaka foleni. Hakulia. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Mi nimekusamehe mbele ya Mungu. Lakini jina ya bwana yangu uliiulia ku barabara. Uirudishe ku barabara." Akanionyesha mlango, bila ukali. Kesho ni Ijumaa. Nitakuja saa ile ile wakitoka msikitini. Naogopa, Mzee. Naogopa kuliko siku ile.

Jumamosi. Naendelea hapa hapa, karatasi ile ile.

Nilianzia Kiriri asubuhi, kwa miguu, mafuta hakuna na magari hayapandi. Nilimwambia yule bwana kwamba kilichokuwa kibaya ni akili yangu, si prosesa. Akasema mashine si inafanya kazi? Akarudi kwenye michoro yake. Kwake jina lako halikuwa kitu hata mwanzo. Nilishuka nikijua kazi yenyewe bado.

Buyenzi nilisimama mbele ya meza. Nikawaambia mafundi, na waliokuwa wanapita, kwamba niliongopa kuhusu kartimeri, kwamba nilijua Jumatatu yake, kwamba nilinyamaza mpaka ukazikwa. Mwajuma uso ulimkauka. Nilifikiri atanifukuza, na ningeondoka. Aliinama akafungua droo, akaitoa ile prosesa, bado iko kwenye sponji yako. Akavuta kartimeri ya mia tatu, akaiweka, akaunganisha ekra, akawasha. Ikawaka, Mzee. Mara ya kwanza. Mioyo sita imeandikwa pale, kila mtu akainama kusoma. Mwajuma hakunitazama tena tangu hapo, na sikumlaumu.

Nikaomba msamaha. Halafu, ili nijitetee kidogo, maana bado nina tabia hiyo, nikawauliza: na nyinyi mliomjua miaka yote hiyo, mliamini vipi upesi hivyo?

Mzee Juma aliacha cherehani. Akasema, "Angesema mutu mwingine tungemucheka. Lakini ni we. Hamisi alikuwa anatuambia kila siku, hapa hapa: Furaha akisema kitu kimekufa, musiniletee mi nikiangalie mara ya pili, kimekufa. Hata ile siku ulipoondoka tulimuuliza. Akasema, 'Furaha hakoseake.'"

Eti mi sikosei! Nilisimama pale mpaka watu wakaanza kwenda zao mmoja mmoja. Ulikuwa na lenzi mkononi, umeiona prosesa ni nzima kwa macho yako mwenyewe, na bado ulinitetea mi ukajiacha we. Ungewaambia tu, huyu kakosea. Neno moja tu, Mzee, na wangekuamini.

Sitakuomba unisamehe, huwezi kujibu na mi sitaki kujijibu mwenyewe. Nitafanya hivi: kila prosesa itakayoingia atelie kwangu itatoka mezani kwa Mwajuma, na kila kliyenti nitamwambia imetoka wapi na nani alinifundisha. Wakiniuliza habari ya macho yako nitawasimulia yote, hata ile ya kiti. Ijumaa nitakuwa nakuja kumsaidia Mwajuma kama akikubali. Asipokubali nitakuja kununua tu.

Pumzika, baba yangu. Mola wako akupokee kwa upole kuliko nilivyokuaga mi.

Ni mi, Furaha, niliyeaminiwa kwa sababu yako.