Maji Aliyochemsha Mama Nabwire

Masafu, Busia

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima, ila moyo umeniinama. Kifua cha Baba kimetulia? Na mwanangu Zawadi, ameanza kukaa?

Huku Uganda tunapima maji ya visima vya wakulima. Nimepanga chumba kwa Mama Nabwire, mjane anayelima mahindi na nyanya. Alikuwa akilea mjukuu mchanga, Ouma, ambaye mama yake alifariki akijifungua. Alimkorogea maziwa ya unga kwa maji ya kisima chake. Maji maangavu, Mama, matamu. Hata mimi nimeyanywa.

Wiki iliyopita, asubuhi, alinigongea mlango. "Njoo ona huyu mtoto." Midomo na kucha zilikuwa za bluu, anahema kama aliyekimbia. Tukapanda bodaboda hadi hospitali. Wakamwekea hewa. Daktari alipouliza mtoto anakunywa nini, nikampigia mkubwa wangu wa kazi achukue maji ya kisima yapimwe. Adhuhuri Ouma akatutoka.

Majibu ya kisima yalikuja baada ya mazishi. Mbolea ya shambani na uchafu wa choo vimezama ardhini hadi kwenye maji. Mtu mzima huvumilia. Damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa. Mkubwa wangu alitaka kwenda kumweleza. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe.

Nilimkuta akipalilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini mimi nachemsha hii maji. Kliniki walitufundisha. Nachemsha mpaka inabaki kidogo. Kosa yangu iko wapi?"

Mama, sumu hii haifi kwa moto. Maji yakipungua, sumu inakolea. Ningemwambiaje hayo? Nilisema, "Huna kosa, Mama." Akanitazama, akainama tena kwenye jembe.

Kisima tumekifunga kwa miiba. Majirani wengine wanaiondoa na kuchota. Bomba lililo salama liko mbali.

Sasa nakusihi. Kisima chetu kiko chini ya shamba la nyanya la Baba, analolitia mbolea. Zawadi asionje maji yake, hata yakichemka saa nzima. Chukua ya mvua kwenye tangi la kanisa, hayo ndiyo uchemshe. Usiseme nakudharau. Najua unavyomlea. Mama Nabwire naye alilea hivyo hivyo.

Nisalimie Baba, kaka Mwakio na baiskeli zake za kutengeneza, na shangazi mkunga. Nitakuja na vifaa, nikipime kisima chetu mwenyewe. Mkinipigia simu, kabla ya salamu niambieni mmeshaenda kanisani kuteka maji.

Binti yako,
Mkamburi