Maharagi ya Mujane wa mu Filme

Kavira mujukuu wangu,

Huku Bungulu tuko bazima. Shangazi yako amezaa mutoto mwanamuke. Video yako ya mbuzi mwenye kofia inazunguka parcelle yote, nyumba kwa nyumba, batu banacheka tu.

Unaniuliza ni filme gani ilinilizaka. Nilikuwa binti kule Kayna, padri akatuonyesha filme ku ukuta wa kanisa. Bwana mumoja akakufa, akaacha bibi na batoto. Sisi wote tukalia. Lakini asubui, mama yangu akapelekea padri kitunga ya maharagi: «Ni ya ule mujane wa jana. Ku kilio hatuendake mikono mitupu.»

Batu bakacheka. Padri hapana, akapokea na mikono mbili. Ile jioni, mujane mumoja wa nyuma ya kanisa alipikia batoto yake maharagi ya ile kitunga.

Filme nilishaisahau. Ile kitunga ndiyo inanilizaka mpaka leo.

Koko wako