Gimbi Lililochimbwa Kibanjani

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu padri namwogopa, na mume wangu namwogopa zaidi.

Naishi Nyanga na mume wangu Philbert, nauza maua ya majani makubwa, yale yanayoitwa masikio ya tembo, nayaotesha kibanjani chini ya migomba, kando ya magimbi yetu, maana yanapenda kivuli na unyevu, na mteja mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, haya yanafanana na magimbi lakini hayaliwi, yatenge," nikaitikia ndiyo, nikayaacha palepale, wala sikumwambia mama mkwe wangu, Ma Immakulata, ambaye macho yake yalishaanza kufifia.

Mwezi wa nne, nikiwa sokoni, akachimba mzizi wa ua langu akidhani ni gimbi, akapika, akala. Nilimkuta ulimi umevimba umejaa mdomo, hawezi kusema, ananionyesha koo kwa kidole. Hospitali muuguzi akauliza, "Amekula nini?" nikajibu, "Magimbi, tuliletewa na jirani," kwa sababu ni kweli jirani yetu Maimuna alituletea magimbi siku mbili kabla, ila yalikuwa bado kwenye kapu, hayajaguswa. Kesho yake mchana Ma Immakulata akafariki. Watu wakihangaika na jeneza, mimi nilifukia shimo, nikatupa chooni maganda na lile kapu la Maimuna pamoja na magimbi yake.

Sasa Philbert anasema Maimuna alimuua mama yake. Msibani alifukuzwa, na vitumbua vyake hakuna anayenunua. Jana bombani akaniambia, "Mama Josia, wewe angalau unaniamini?" Nikasema, "Nakuamini," nikajitwika ndoo nikaondoka. Nikisema ukweli ndoa yangu imekwisha. Nifanye nini?

Mama Josia, Nyanga

*

Mama Josia,

Pole kwa msiba, lakini sitakubembeleza. Kuyaacha maua yale karibu na chakula ulizembea, na kwa hilo ningelia nawe. Kumtaja Maimuna ni uongo, na unaurudia kila siku unaponyamaza. Tena uliwaficha wauguzi walichokuwa wanatibu. Huenda wangemwokoa, huenda wasingeweza. Hutajua kamwe, na utaishi nalo.

Unaniuliza habari za ndoa. Mbona hukuniuliza habari za Maimuna?

Nenda kwa huyo padri unayemwogopa, amesikia mazito kuliko haya. Mwombe awepo unapomwambia Philbert, usiwe naye peke yako. Kisha mwende kwa Maimuna. Baada ya hapo simama mbele ya walewale waliomfukuza msibani, useme kwa sauti, si kwa kunong'ona. Maua yaliyo karibu na magimbi yachimbe yote, vaa glavu, na kila atakayenunua kwako mwambie hayaliwi hata kabla hajauliza.

Huenda Philbert akakurudisha kwenu. Huenda Maimuna asikusamehe, na ana haki. Nenda hivyohivyo, tena wiki hii. Mwenzako anaamka kila asubuhi akiitwa muuaji, na mtu pekee anayeweza kumvua jina hilo ni wewe.