Wifi na Ile Akaunti

Shoga, kaa kwanza.

Unamkumbuka yule asiye na jina anayeniandama mtandaoni, eti magauni yangu nachorewa na akili bandia? Ni wifi. Wifi yangu, ninayeshona naye chumba kimoja.

Kaniomba nilipige picha gauni la bibi harusi kwa simu yake. Nafungua, nakutana na ile akaunti, maneno kayaandika nusu: “Huyu hata penseli hajui kushika.”

Wifi, shoga. Aliyenifuta machozi juzi akaniambia nisisome maoni ya watu.

Nikamwonyesha. Akasema, “Lakini si umepata wateja?” Akaendelea kukata kitambaa.

Anakata kwa kufuata mchoro wangu. Nimeuchora leo asubuhi mbele yake, na penseli kaichonga yeye.